Wino wa Mhuri

Suruali ilikuwa nyeusi. Naapa ilikuwa nyeusi
nilipoipokea Ijumaa kibarazani kwangu, Isevya,
nikatoa mfukoni tikiti ya treni na karanga mbili,
nikailoweka peke yake, beseni la buluu,
maana beseni jekundu lilikuwa na kanzu za watu wa Gongoni,
na kanzu bila jiki ni shuka tu.

Nilipoisuuza, maji yakatoka meusi.
Nikasema, ah, vitambaa vya siku hizi.
Nilipoianika, jua la saa nne likanionesha:
gotini, mguu wa kulia,
doa la ukubwa wa ganda la chungwa
na rangi yake hiyo hiyo, ya chungwa lililosahauliwa dirishani.

Tone limeruka beseni.
Miaka kumi na tisa ya udobi,
halafu tone.

Matope utayabembeleza kwa sabuni.
Damu utaiomba kwa maji baridi na chumvi.
Lakini jiki haileti kitu, inaondoka na kitu,
na huwezi kufua kisichokuwepo.
Ni kutia tu.

Nikatia.
Majani ya chai, yamechemka hadi harufu yake ikawa chungu:
doa likawa kahawia, likanicheka.
Kalamu nyeusi ya mwanangu Nshoma:
likang'aa zambarau kama tumbo la inzi.
Masizi ya sufuria nayo, usiniulize.
Usiku, treni ya Kigoma ikipiga honi kana kwamba inanidai,
nikamkumbuka shemeji Mihambo, karani wa mizigo stesheni.
Akaja na wino wa mhuri ndani ya kichupa cha dawa ya macho.
"Huu," akasema, "hautoki hata kwa machozi."

Kijiti cha kiberiti, pamba kichwani,
uzi kwa uzi,
kutoka ukingoni kuingia ndani, pasibaki pete.
Kisha kitambaa chenye siki, na pasi ya mkaa juu yake.
Alfajiri suruali ilikuwa nyeusi.
Safari hii naapa kwa haki.

Mwalimu Sizya alifika saa tatu.
Hakutazama mkunjo, hakutazama kiuno.
Alikwenda gotini moja kwa moja,
kidole gumba kikasimama pale pale.

Nikaanza kutubu: Mwalimu, kanzu, beseni jekundu, upepo ule wa jana…

"Dada Kabula," akasema, "hili doa lina miaka kumi na mmoja.
Kila nikienda harusini hulipaka kiwi,
kila likifuliwa kiwi hutoka.
Madobi watatu wamenirudishia pesa. Mmoja alilia."

Nikakaa juu ya ndoo.
Nikahesabu: chai, kalamu, masizi, usiku mzima, wino wa reli.
Sikujua nicheke au nimdai.

"Marehemu Nyamizi alikuwa anasugua sakafu.
Tulikuwa tumenuniana siku tatu.
Hereni yake ikaanguka, akaanza kuitafuta,
nami nikashuka kumsaidia, goti moja tu,
kiburi kilibaki kwenye lile jingine.
Hereni hatukuiona. Mpaka leo.
Ila tulicheka, dada, tulicheka mpaka jirani akagonga."

Akaigeuzia suruali mwangani,
huku na huku, kama mtu anayetafuta
jina lake kwenye orodha ndefu ukutani.
"Umelificha vizuri," akasema,
na haikuwa sauti ya kusifu.

Alilipa yote, hata ile mia mbili ya pasi.
Akaikunja kwa upole, goti likiwa ndani.
Alipofika mlangoni akageuka:
"Wino huo, hutolewa na nini?"

Nikatazama beseni jekundu,
kanzu za Gongoni zimelala ndani ya maji yao makali.
"Jiki," nikasema.
"Tone moja. Usizidishe."